Malezi, Dhamiri na Udhanaishi: Usuli wa Euphrase Kezilahabi katika Riwaya Zake na Usomaji Wake Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi maisha na malezi ya mwandishi yanavyoathiri riwaya ya kidhanaishi, kwa kurejelea riwaya za Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Wahakiki wengi wameueleza udhanaishi wake ama kama athari ya falsafa ya Ulaya ama kama zao la mazingira yake ya Ukerewe. Makala inadai kwamba maelezo yote mawili hayatoshelezi. Kwa kumlinganisha Kezilahabi na waandishi wengine wawili wa kisiwa hichohicho, Aniceti Kitereza na Gabriel Ruhumbika, inaonyeshwa kuwa usuli wa mwandishi haumpi mtazamo uliokwisha kuundwa. Humpa maumbo ya kufikiri, na mwandishi huyageuza kwa hiari yake. Umbo kuu katika riwaya za awali za Kezilahabi ni lile la kujichunguza dhamiri, lililobaki baada ya mamlaka yaliyolipa maana kuondolewa. Sehemu ya mwisho inaligeuza swali kwa msomaji, na kueleza namna usuli wa wasomaji wa Karatu na Ngorongoro unavyofungua yale ambayo wasifu wa mwandishi peke yake haufungui.

1.0 Utangulizi

Mwalimu anayewaongoza wanafunzi wake kuisoma Kichwamaji (1974), awe Karatu, Mwanza au Dar es Salaam, hawezi kulikwepa swali moja. Je, mwandishi mwenyewe alikuwa na mawazo haya? Wanafunzi wanapofika mahali ambapo Kazimoto anajiua, swali hilo huwa zito zaidi, kwa kuwa riwaya imesimuliwa katika nafsi ya kwanza na mhusika huyo, kama mwandishi, ni msomi wa chuo kikuu aliyetoka Ukerewe. Mwalimu aliyefunzwa nadharia za karne ya 20 huwa na jibu la haraka: tusichanganye mwandishi na mhusika. Tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi katika insha yake ya miaka ya 1960, jibu hili limekuwa kinga ya kuaminika darasani.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halimridhishi mwanafunzi, na kutoridhika kwake kuna msingi. Udhanaishi ni falsafa inayokataa kumjadili binadamu kwa ujumla wake bila kumtazama mtu mmoja aliye mahali fulani, wakati fulani, akikabiliwa na uamuzi wake mwenyewe. Ni vigumu kuidai falsafa hiyo kuwa ndiyo kiini cha riwaya, na papo hapo kudai kwamba mahali, wakati na maamuzi ya aliyeiandika havihusiki. Kwa upande mwingine, mhakiki anayeusoma wasifu wa mwandishi kama ufunguo wa kila mlango huanguka katika kosa la pili: humfanya mwandishi kuwa mateka wa kijiji chake, shule yake na dini yake.

Makala hii inatafuta njia kati ya makosa hayo mawili. Hoja yake ni kwamba usuli wa Kezilahabi unaonekana zaidi katika umbo la riwaya zake kuliko katika mafundisho yake. Malezi yalimpa namna ya kuuliza, lakini hayakumpa majibu.

2.0 Udhanaishi na Tatizo la Wasifu

Katika fasihi ya Kiswahili, neno udhanaishi limekuja kutumika kwa falsafa inayoshughulikia kuwepo kwa mtu binafsi, uhuru wake, upweke wake, wasiwasi wake mbele ya kifo, na ulazima wa kujitafutia maana katika dunia isiyomtolea maana hiyo. Mizizi yake ya Ulaya hutajwa kuanzia kwa Søren Kierkegaard (1813–1855), na katika riwaya majina yanayotangulia ni Jean-Paul Sartre (1905–1980) na Albert Camus (1913–1960).

Inafaa kukumbuka kwamba hata huko falsafa hii haikuzaliwa hewani. Kierkegaard alilelewa katika nyumba iliyotawaliwa na hofu ya kidini ya baba yake. Camus alizaliwa Algeria katika familia maskini ya walowezi, akampoteza baba yake katika vita mwaka 1914 kabla hajamfahamu, na akaugua kifua kikuu akiwa kijana. Jua, bahari na kifo cha mapema vinavyotawala kazi zake ni mambo aliyoyaishi kabla ya kuyafanya kuwa mada. Sartre, aliyekuwa mfungwa wa kivita mwaka 1940, aliufikiria uhuru katika nchi iliyokaliwa na jeshi la kigeni.

Hata hivyo, Sartre ndiye aliyetoa onyo muhimu zaidi dhidi ya matumizi mabaya ya wasifu. Msimamo wake kwamba kuwepo kwa mtu hutangulia asili yake una maana kuwa hakuna malezi yanayoweza kumaliza kumweleza mtu. Wakati huohuo, mwanafalsafa huyo aliandika vitabu vizima juu ya maisha ya waandishi: Baudelaire, Genet na Flaubert. Hapakuwa na mgongano. Alichokitafuta katika maisha hayo ni kile ambacho mwandishi amekifanya kutokana na hali aliyofanyiwa. Usuli, kwa mtazamo huu, ni malighafi. Mhunzi hachagui madini yaliyomo ardhini kwao, lakini jembe na mkuki hutoka katika chuma kilekile.

Tukiushika mtazamo huu, swali letu hubadilika. Hatuulizi tena ni tukio gani la maisha ya Kezilahabi lililomfanya aandike riwaya za kukata tamaa. Tunauliza ni maumbo gani ya fikra aliyoyakuta katika maisha yake, na aliyafanyia nini.

3.0 Kisiwa Kimoja, Waandishi Watatu

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Kisiwa hicho kinatokea mara kwa mara katika riwaya zake za mwanzo. Rosa Mistika (1971) inaanzia Namagondo kwenyewe; Kazimoto wa Kichwamaji ni mtu wa kisiwa hicho; na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anatoka huko kabla ya kuvuka maji. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba upweke wa kisiwa ndio uliozaa upweke wa wahusika.

Hitimisho hilo linavunjika tukikumbuka kwamba kisiwa hichohicho kimetoa waandishi wengine wawili wakubwa. Aniceti Kitereza (1896–1981), aliyesomea seminari ya Kikatoliki kama Kezilahabi, aliandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa juu ya Myombekere na Bugonoka, akakikamilisha mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, alisoma Makerere, kisha akaenda Paris kuchukua shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Riwaya yake Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) inafuatilia maisha ya wananchi wa kawaida tangu enzi ya ukoloni hadi baada ya uhuru, na jinsi matumaini yao yalivyosalitiwa.

Ulinganisho huu unatoa mambo mawili. La kwanza linahusu nadharia ya athari. Kama udhanaishi ungekuwa mzigo unaobebwa kutoka Ulaya, aliyepaswa kuubeba ni Ruhumbika, aliyeishi na kusoma katika mji wa Sartre. Lakini Ruhumbika aliandika uhalisia wa kijamii, ambamo chanzo cha mateso kina jina, cheo na ofisi. Kezilahabi alikwisha kuchapisha Kichwamaji, riwaya ya kidhanaishi kuliko zote za wakati ule, miaka kadhaa kabla ya kukamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985. Hakuna haja ya kukana kwamba alisoma vitabu vya Ulaya. Msomi yeyote wa Dar es Salaam wa wakati wake aliweza kuvisoma. Lakini wengi walisoma vitabu hivyo, na wachache sana waliandika kama yeye.

La pili linahusu nadharia ya mazingira. Kitereza na Kezilahabi wanagusa jeraha lilelile: mtoto asiyepatikana au asiyeishi. Katika kitabu cha Kitereza, ndoa ya Myombekere na Bugonoka inatikiswa na kukosa watoto. Wakwe wanaingilia, mke anarudishwa kwao, mume anamfuata, pombe inatengenezwa, mganga anatafutwa, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Msiba upo, lakini kila hatua yake ina mtu wa kuendewa na jambo la kufanywa. Katika Kichwamaji, mtoto wa Kazimoto na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi na haishi. Kasoro kama hiyo imekwisha kuonekana katika mtoto wa Manase. Safari hii hakuna wa kuendewa. Kazimoto hana mganga anayemwamini, hana Mungu anayeweza kumlalamikia, na elimu yake inampa maelezo yasiyomfariji. Anabaki na bunduki.

Kisiwa ni kilekile, na msiba unakaribiana. Kilichobadilika ni uhusiano wa mtu na taasisi zinazoupa msiba maana. Ukerewe haikumpa Kezilahabi kukata tamaa. Ilimpa kumbukumbu ya dunia ambamo maswali yalikuwa na majibu, na kwa sababu hiyo ukimya wa baadaye ukasikika zaidi. Asiyepata kuijua nyumba hawezi kuumizwa na kufukuzwa humo.

4.0 Seminari: Umbo la Kitubio

Kuanzia mwaka 1957 Kezilahabi alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Alama za nje za malezi haya ni nyingi. Jina Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Mama wa Rosa ni Regina, baba ni Zakaria, na miongoni mwa ndugu zake wamo Stella na Emmanueli. Familia nzima imevikwa majina ya ibada, kisha mwandishi anaisukuma katika ulevi, kipigo, utoaji mimba na kifo. Si ajabu kwamba kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Alama hizi, hata hivyo, ni za juujuu. Kilicho muhimu zaidi ni zoezi ambalo malezi ya kiseminari humzoeza kijana kulifanya kila siku: kujichunguza dhamiri. Katika zoezi hilo mtu hukaa peke yake, akapitia mawazo, maneno, matendo na mambo aliyoacha kuyatenda, akitafuta ni wapi hasa nia yake ilipopotoka. Hatosheki na kujua alichokifanya. Hutafuta kwa nini alikifanya, na kama sababu anayojipa ni ya kweli. Mwishoni zoezi hilo humpeleka kwenye kitubio, ambako yupo anayesikiliza na neno la kuondolewa dhambi hutamkwa.

Kichwamaji ina umbo hilohilo. Kazimoto anajipekua bila huruma. Anajishuku hata anapotenda jema. Anamwendea Sabina, dada wa Manase, akiwa na nia ya kisasi kwa yale ambayo Manase alimtendea Rukia, dada yake. Kisasi kinageuka kuwa penzi na ndoa, na yeye mwenyewe anajitazama akigeuka. Uchambuzi huu wa nia ndani ya nia haukuwa kawaida katika riwaya ya Kiswahili iliyotangulia, ambayo katika kazi za Shaaban Robert ilipenda wahusika wanaobeba fadhila au uovu wao waziwazi, hata katika majina yao. Kezilahabi aliyajua vyema mapokeo hayo, kwani tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu uandishi wa riwaya wa Shaaban Robert. Alichokifanya ni kuihamisha mizani ya wema na ubaya kutoka kwa msimulizi na kuiweka ndani ya mhusika mwenyewe.

Kinachokosekana ni sehemu ya mwisho. Kazimoto anaungama, lakini hakuna wa kumwondolea. Anapojiua anaacha maandishi yanayojaribu kueleza, na maandishi hayo yanawafikia walio hai ambao hawana mamlaka ya kusamehe wala kuhukumu. Riwaya ni kitubio kisicho na padri. Hapa ndipo tunapoona usuli ukifanya kazi yake halisi. Mwandishi hakubeba imani ya seminari ndani ya riwaya, wala hakuipinga kwa hoja tu. Alibeba umbo la sala na kuliacha bila msikilizaji.

Kwa Rosa hali ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Rosa hajichunguzi kama Kazimoto, anachunguzwa. Ukali wa Zakaria unamfanya binti asipate hata mara moja nafasi ya kuchagua akiwa mdogo, na anapofika shule ya bweni uhuru unamjia kwa wingi asiouzoea. Anapotaka kuanza upya na kuolewa na Charles, anakataliwa kwa kuwa si bikira. Jamii iliyomnyima mazoezi ya uhuru inamdai sasa hesabu kamili ya matumizi yake. Hii ni hoja ya kidhanaishi iliyojengwa kutokana na mambo yanayojulikana katika kila kijiji cha Tanzania, na msomaji haihitaji Paris kuielewa.

5.0 Chuo Kikuu na Azimio

Mwaka 1967 Kezilahabi aliingia chuo kikuu, na mwaka huohuo, mwezi Februari, Azimio la Arusha lilitangazwa. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wapatao mia nne walikuwa wamefukuzwa chuoni baada ya maandamano ya kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana aliyetoka katika taasisi iliyodai moyo wake wote kwa ajili ya Mungu aliingia katika nchi iliyodai moyo wote kwa ajili ya Taifa.

Ulinganifu huu unasaidia kueleza kwa nini Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka (1979) haziwezi kusomwa kama riwaya za kisiasa peke yake. Tumaini wa riwaya ya kwanza anaufuja urithi wake, kisha anajirekebisha na kuwa mkulima mkubwa, na anapokabiliwa na kunyang'anywa shamba anamuua kiongozi wa serikali na kunyongwa. Wasomaji wa wakati ule hawakuweza kusahau mauaji ya Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, yaliyofanywa na mkulima huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971. Lakini Kezilahabi haandiki kesi ya ubepari wala ya ujamaa. Anauliza jambo gumu zaidi: mtu akishapata maana ya maisha yake kwa jasho lake, kisha maana hiyo ikachukuliwa kwa jina la wema wa wote, je, abaki na nini? Katika Gamba la Nyoka, vijana wasomi Mambosasa na Mamboleo wanatumwa kubeba wema huo wa wote hadi vijijini, na wanagundua kwamba kulivua gamba la zamani si sawa na kuzaliwa upya.

Msimamo huu ulikuwa na gharama zake. Wapo wahakiki wa miaka hiyo waliomlaumu kwa kukosa matumaini na kwa kutowapa wananchi njia. Lawama hiyo ilidhani kwamba kazi ya riwaya ni kujibu. Mwandishi aliyekwisha kuzoea kujichunguza bila kuharakisha ondoleo hakuweza kulitoa kwa amri ya Chama, kama ambavyo hakulitoa kwa amri ya Kanisa.

6.0 Kuondoka kwa Mahali: Nagona na Mzingile

Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) Ukerewe inatoweka. Msimulizi anasafiri katika nchi isiyo na jina, na katika Nagona anakutana na wanafalsafa wa Ulaya wakiwa kama wakazi wa mji uliokwisha. Kama wasifu ndio ungekuwa ufunguo, ungepaswa kushindwa hapa. K. W. Wamitila na Alena Rettová ni miongoni mwa walioonyesha uzito wa kifalsafa wa riwaya hizi, na Kezilahabi mwenyewe, katika tasnifu yake ya Wisconsin juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, alikuwa ameyapinga mapokeo ya fikra yanayomtenga anayejua na kinachojulikana.

Hata hivyo, umbo lilelile linaendelea. Safari ya Nagona ni ya mtafutaji anayepita katika magofu ya sala, vitabu na hekima, akimtarajia mkombozi. Katika Mzingile anatafutwa mzee anayesemekana kuwa asili ya vyote. Tofauti ni kwamba hapa dhamiri inayochunguzwa si ya mtu mmoja tena, bali ya ustaarabu mzima, na wanafalsafa wa Ulaya wenyewe wamo miongoni mwa wanaochunguzwa. Anayeziona riwaya hizi kama uthibitisho kwamba Kezilahabi aliiga Ulaya ameyasoma majina, hakuutazama mji wanamokaa.

7.0 Kuzisoma Riwaya Hizi kutoka Karatu na Ngorongoro

Hadi hapa tumezungumzia usuli wa mwandishi. Lakini riwaya ya kidhanaishi inamtaka msomaji naye ajihoji, na kwa hiyo usuli wake nao unahusika. Karatu na Ngorongoro zinalionyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni lugha. Katika eneo hili wanaishi Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi. Wamaasai na Wadatoga, wenye lugha za Kiniloti. Na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kwanza, kama ambavyo hakikuwa lugha ya kwanza ya Mkerewe Kezilahabi. Mwandishi na msomaji wanakutana katika lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama. Upweke wa Kazimoto, anayerudi nyumbani akiwa na elimu asiyoweza kuitamka kwa wazee wake, unafahamika mara moja kwa kijana wa Mbulumbulu au Endulen aliyerudi kutoka chuo.

Ya pili ni historia ya kuhamishwa. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, Wamaasai walipoondolewa Serengeti. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku hifadhini. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Miaka ya 1974 na 1975 ndiyo pia miaka ya Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, na ya kuhamishiwa vijijini kwa mamilioni ya Watanzania. Msomaji wa Ngorongoro anapofika kwenye swali la Tumaini, la mtu abaki na nini pindi alichojengea maisha yake kinapochukuliwa kwa manufaa ya wote, hasomi nadharia. Huenda pia akaliona pengo ambalo wahakiki wa mijini hawakuliona: Tumaini anapigania shamba akiwa peke yake, ilhali mfugaji anayehamishwa hupoteza pamoja na malisho makaburi, mahali pa sherehe na majina ya vijito. Ukengeushi wa jamii nzima ni jambo ambalo riwaya hizi zinaligusa kwa mbali tu.

Ya tatu ni namna ya kukikabili kifo. Wanaanthropolojia walioandika juu ya Wairaqw wameeleza hali ya metimani, ambayo kwayo waliopatwa na vifo vya namna fulani, vikiwemo misiba ya uzazi, walitengwa kwa muda na kisha kurejeshwa katika jamii. Utaratibu huo ulikuwa mzito kwa waliotengwa, hasa wanawake, na haufai kupambwa. Lakini ulikuwa na mwisho uliojulikana: siku ya kurudi. Msomaji aliyesikia habari za metimani kwa bibi yake anatambua kwamba Kazimoto, baada ya kifo cha mtoto, anaingia katika utengo usio na siku ya kurudi. Anachokiona msomaji huyu ni jambo lilelile tulilolipata kwa kumlinganisha Kezilahabi na Kitereza, ila yeye amelifikia kwa njia ya nyumbani kwake.

Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, kuna nyayo zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Wataalamu wanaweza kupima hatua, uzito na mwelekeo wa waliopita. Kwa nini walipita, hakuna kipimo. Wasifu wa mwandishi una nguvu hiyo na udhaifu huo. Unatuonyesha ardhi aliyokanyaga na upande alioelekea, na ni uzembe kuupuuza. Lakini uamuzi wa kuinua mguu haubaki kwenye majivu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba usuli wa Kezilahabi unaziathiri riwaya zake kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kisiwa kilimpa kumbukumbu ya dunia yenye majibu. Seminari ilimpa umbo la kujichunguza. Chuo kikuu na Azimio vilimweka mbele ya dai jipya juu ya moyo wa mtu. Hakuna kimojawapo kilichomlazimisha kuwa mdhanaishi. Kitereza alikuwa na kisiwa na seminari, Ruhumbika alikuwa na kisiwa na Paris, na kila mmoja aliandika kitu kingine. Kilicho cha Kezilahabi peke yake ni uamuzi wa kuyashika maumbo aliyopewa huku akikataa kuyajaza haraka.

Kwa ufundishaji, matokeo yake ni haya. Mwanafunzi anayeuliza kama mwandishi alikuwa na mawazo ya Kazimoto asinyamazishwe kwa kanuni. Anaweza kuambiwa kwamba Kezilahabi hakuwa Kazimoto. Mhusika alijiua akiwa kijana. Mwandishi alifundisha Dar es Salaam na Botswana, akaandika mashairi, tamthilia na riwaya, na akafariki Januari 2020 akiwa na miaka 75. Lakini aambiwe pia kwamba maswali ya Kazimoto yalitoka mahali fulani, na kwamba mahali hapo panaweza kuchunguzwa. Kisha aulizwe yeye mwenyewe anayasoma akiwa wapi. Iwapo mwanafunzi wa Karatu ataweza kueleza kwa nini kifo cha mtoto wa Kazimoto kinamgusa kwa namna isiyomgusa mwenzake wa Dar es Salaam, atakuwa ameanza kazi ya uhakiki, na atakuwa ameianzia pale pale Kezilahabi alipoanzia: katika mambo aliyopewa bila kuyachagua, na anayopaswa sasa kuyafanyia jambo.